Siku Zako za Kwanza Kwenye Magofu ya Athens: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mgeni

Kila Juni inapokaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa wanafunzi wanaokwenda Ugiriki kwa mara ya kwanza, na maswali ni yale yale. Nianzie wapi? Lazima nijue Kigiriki? Acropolis, kile kilima cha mahekalu, nikitengee saa ngapi? Mbona kwenye picha naona mawe tu? Nimeamua kuyajibu yote pamoja, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi. Nilipofika Athens nilikuwa na ratiba ya maeneo 11 kwa siku nne. Niliimaliza. Nilipokaa kuandika ripoti ya chuo sikuweza kueleza hekalu moja lilitofautiana vipi na jingine.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa siku tano ndani ya mji mmoja, na maeneo ni machache kwa makusudi. Delphi, Olympia na visiwa vinasubiri. Ukishajua kulisoma gofu moja vizuri, mengine utayasoma kwa wepesi.

Jambo dogo la majina kwanza. Katika Biblia ya Kiswahili watu wa Ugiriki wanaitwa Wayunani na mji unaitwa Athene. Vitabu vya shule vinasema Wagiriki. Ni watu wale wale. Miaka nitaiandika KK kwa kabla ya Kristo na BK kwa baada yake, na usisahau kwamba ya KK inahesabiwa kwa kushuka: 480 KK imetangulia 447 KK.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira yenye meno. Marumaru iliyokanyagwa kwa miaka zaidi ya 2,000 inateleza hata ikiwa kavu. Ndala ziache chumbani. Viatu vya kisigino kirefu haviruhusiwi kwenye magofu, maana vinatoboa mawe.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Maji ya bomba ya Athens yanafaa kunywa, hivyo jaza kila unapopata nafasi.
- Kofia pana na kanga moja. Ninaposema kanga nina maana: utajitanda jua likiwa kali, utaikalia kwenye jiwe la moto, na utajifunika mabega na magoti ukiingia kanisa la Kiorthodoksi.
- Pasi au nakala yake, pamoja na kitambulisho cha chuo chenye picha na tarehe. Bei ya kiingilio hutegemea umri na uraia, na dirishani watataka kuona karatasi.
- Daftari lisilo na mistari na penseli. Kamera ya simu haitoshi. Sababu utaiona kwenye hatua ya tatu.
- Mkoba mdogo. Mabegi makubwa hayaruhusiwi Acropolis wala ndani ya makumbusho, utatakiwa kuyaacha mlangoni.
- Tiketi ya Acropolis iliyonunuliwa mapema mtandaoni. Tangu Septemba 2023 watu huingia kwa zamu za saa, na idadi kwa siku ina ukomo.

Angalia pia kalenda. Magofu na makumbusho hufungwa 1 Januari, 25 Machi, Jumapili ya Pasaka ya Kiorthodoksi (ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na Pasaka yetu), 1 Mei, na 25 na 26 Desemba. Kwa upande mwingine, 6 Machi, 18 Aprili, 18 Mei na 28 Oktoba zimekuwa siku za kuingia bure. Thibitisha kwenye tovuti ya wizara ya utamaduni kabla ya kuzipangia.

Hatua ya 1: Jifunze herufi 24, jioni mbili kabla ya safari

Kigiriki cha kuongea huhitaji ili kuanza. Herufi unazihitaji, kwa sababu vituo vya treni, mabango ya mitaa na mawe yenyewe yameandikwa kwazo. Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati kubwa. Sauti ambazo wanafunzi wengine huvunjika ulimi kuzitamka, sisi tunazo: Θ ni th ya thamani, Δ ni dh ya dhahabu, Γ mara nyingi ni gh ya ghali, na Χ ni kh kama watu wa pwani wanavyosema kheri. Vokali zao za leo ni tano, zile zile zetu: a, e, i, o, u.

Zinazodanganya macho ni hizi, zikariri peke yake: Ρ ni r, Η ni i, Β ni v (zamani ilikuwa b), Υ ikiwa peke yake ni i, Ν ndogo huandikwa ν na huonekana kama v. Zilizobaki, kama Π kwa p, Σ kwa s, Λ kwa l, Φ kwa f na Ω kwa o, zitakuingia zenyewe ukisoma mabango.

Fanya zoezi hili siku ya kwanza mtaani. Tafuta duka la fundi cherehani. Kibao chake huandikwa ΡΑΦΕΙΟ, rafio. Neno hilo linatokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kushona. Sasa kumbuka Rhapta, bandari ya pwani yetu inayotajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha wafanyabiashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK. Mwandishi mwenyewe anasema mji uliitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake za kushonwa. Mtu wa Lamu aliyesikia habari za mitepe, mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba, ataelewa mara moja. Moja ya maandishi ya kale kabisa yanayoieleza pwani ya Afrika Mashariki yako katika lugha hii unayojifunza kuisoma kwenye kibao cha fundi, na kwangu hilo peke yake lilitosha kunifanya nikae na herufi usiku kucha.

Ongeza maneno sita: kalimera (habari za asubuhi), kalispera (za jioni), efharisto (asante), parakalo (tafadhali, na pia karibu), nai (ndiyo), ohi (hapana). Nai inawachanganya wengi kwa kuwa katika lugha nyingi za Ulaya neno la kukataa huanza na n. Wewe ikumbuke kwa naam.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, panda kilima cha pembeni

Utatamani kukimbilia Acropolis. Usiende. Mwili umechoka na macho bado hayajui yatafute nini. Ukitoka uwanja wa ndege kwa treni shuka Syntagma, na kabla hujatoka kituoni tazama ukuta wa kioo unaoonyesha tabaka za udongo zilizokatwa wakati wa kuchimba reli. Chini kabisa ni zamani, juu ni jana. Hiyo ndiyo nadharia yote ya akiolojia utakayohitaji wiki hii.

Jua likipungua, tembea njia ya miguu ya Dionysiou Areopagitou, inayopita chini ya Acropolis upande wa kusini, kisha panda Pnyx. Ni kilima cha mawe na nyasi kavu, na wageni wengi hukipita. Hapa ndipo wananchi wa Athens walipokutana kupiga kura, na jukwaa la msemaji, lililochongwa kwenye mwamba wenyewe, bado lipo. Wananchi kwa maana yao: wanaume huru waliozaliwa na wazazi wa mji huo. Wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na sauti. Mimi na wewe tungekuwa nje ya kamba.

Kaa ukiutazama Acropolis, upande wa mashariki. Chora vitu vinne tu. Mbele yako ni lango kuu, Propylaia. Kulia kwake, juu ya ngome, hekalu dogo kama sanduku, la Athena Nike, mungu wa kike wa mji. Nyuma upande wa kulia, Parthenon, hekalu kubwa la Athena. Nyuma upande wa kushoto, Erechtheion, hekalu jingine. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru. Kesho kutwa ukiwa juu kule hutapotea.

Unaporudi utapita mwamba wa Areopagus, ambako kwa mapokeo ya Kikristo Paulo alihutubia, Matendo sura ya 17. Hotuba imechorwa kwenye bamba la shaba chini ya mwamba, kwa Kigiriki. Jaribu herufi zako. Tahadhari: ngazi za zamani zilizochongwa mwambani zinateleza vibaya sana. Tumia ngazi ya chuma iliyojengwa pembeni, na gizani usipande kabisa.

Hatua ya 3: Siku ya pili, jifunze kulisoma gofu ukiwa Agora

Hii ndiyo siku muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wanafunzi huipa saa moja. Ipe asubuhi nzima.

Agora ya kale ilikuwa soko, mahakama, ofisi za serikali na kijiwe cha mazungumzo, vyote pamoja. Leo sehemu kubwa ni misingi inayokufika magotini, na hapo ndipo watu wanaposema "mawe tu". Anza na majengo mawili yaliyosimama ili jicho lipate kipimo. La kwanza ni hekalu la Hephaistos, mungu wa wahunzi, juu ya kilima kidogo cha magharibi, mojawapo ya mahekalu ya Kigiriki yaliyobaki katika hali nzuri kuliko mengine yote. Lilipona kwa sababu baadaye liligeuzwa kuwa kanisa. La pili ni Stoa ya Attalos upande wa mashariki, ukumbi mrefu wa nguzo uliojengwa upya kati ya 1952 na 1956 juu ya misingi ya asili. Simama ndani ya Stoa saa ya jua kali. Utaelewa kwa ngozi yako kwa nini watu wa nchi ya jua walijenga kumbi za nguzo, kama vile mtu wa mwambao anavyojua kazi ya baraza.

Kisha shuka kwenye misingi, na kwa kila jengo tafuta mambo matatu kwa mpangilio huu:

a) *Kizingiti.* Ni jiwe refu lenye mashimo mawili ya egemeo la mlango na mikwaruzo ya mviringo. Ukikipata umejua watu waliingilia wapi.

b) *Aina ya jiwe.* Marumaru nyeupe ilikuwa ya kuonekana. Jiwe la chokaa la rangi ya udongo lilikuwa la kufichwa ardhini au kupigwa lipu. Ukuta mmoja wenye mawe mchanganyiko aghalabu ni wa nyakati za baadaye, watu walipookota walichokikuta.

c) *Maji yalikwenda wapi.* Mfereji mkuu wa mawe, wa mwanzoni mwa karne ya 5 KK, unapita upande wa magharibi wa Agora na ukiufuata utaona jinsi majengo yalivyojipanga kando yake.

Ukiwa kona ya kusini-magharibi, tafuta jiwe la mpaka lenye urefu wa mtoto, lililosimama pale pale liliposimikwa takriban 500 KK. Limeandikwa kwa sauti yake lenyewe: mimi ni mpaka wa Agora. Kando yake wachimbaji walifukua nyumba iliyojaa misumari midogo ya viatu, pamoja na kitako cha kikombe chenye jina la Simon, na waandishi wa kale wanamtaja fundi viatu Simon aliyetembelewa na mwanafalsafa Sokrates. Chora kona hii. Penseli inakulazimisha uamue kama mstari ule ni ukuta au kivuli, kazi ambayo simu inakufanyia bila kukufundisha.

Malizia ndani ya Stoa, ambayo ni makumbusho. Vitafute hivi:

- Vigae vya kura ya uhamisho. Kila mpiga kura alikwaruza jina la mtu anayemwona hatari kwa mji. Zikipigwa kura 6,000, aliyeongoza aliondoka kwa miaka kumi. Soma herufi: ΘΕΜΙΣΘΟΚΛΕΣ, Themistokles, aliyewaongoza Waathens kuwashinda Waajemi baharini 480 KK, na wao wenyewe wakamfukuza. Kwenye kisima kimoja cha mteremko wa kaskazini wa Acropolis vilipatikana vigae 190 vyenye jina lake vilivyoandikwa na watu wachache tu. Kura zilikuwa zimeandaliwa kugawiwa.
- Saa ya maji ya mahakamani: chungu cha udongo chenye tundu chini. Kikijazwa huisha kwa dakika sita, na hotuba nayo imeisha.
- Bamba la mawe lenye safu za nyufa, lililotumiwa kuwachagua mahakimu kwa bahati nasibu ili asijulikane mapema nani wa kuhongwa.

Kosa la kawaida: kusoma kila kibao cha maelezo neno kwa neno na kulitazama jiwe kwa sekunde tatu. Geuza. Tazama jiwe kwanza, bashiri, kisha soma kibao.

Hatua ya 4: Siku ya tatu, Acropolis asubuhi, makumbusho yake mchana

Chukua zamu ya kwanza kabisa. Kama tiketi inaruhusu, ingia kwa lango la kusini-mashariki karibu na kituo cha Akropoli, upite ukumbi wa michezo wa Dionysos; huko ndiko tamthilia za Sophokles na Euripides zilikoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Kaa dakika tano. Kisha panda taratibu.

Juu, fungua mchoro wako wa siku ya kwanza, kisha fanya mambo haya kwenye Parthenon:

Hesabu nguzo: 8 upande mfupi, 17 upande mrefu. Tazama kila nguzo ilivyopangwa kwa pingili, kama muwa, jiwe juu ya jiwe, mshono hauingizi hata wembe. Marumaru ilitoka mlima Penteli, kilomita kama 16 kutoka hapa, ikashushwa kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Ujenzi ulianza 447 KK, wakati wa Perikles, kiongozi wa Athens, wasanifu wakiwa Iktinos na Kallikrates, na michongo ikisimamiwa na Pheidias. Kufikia 432 KK kila kitu kilikuwa tayari. Miaka 15.

Chutama kwenye kona na uangalie kwa usawa wa ngazi ya juu, ukiwa nje ya kamba. Haijanyooka. Katikati imeinuka, kwa sentimita kama 11 upande mrefu, na nguzo zote zimeegama ndani kidogo. Kila pingili ilichongwa kwa kipimo chake ili hilo liwezekane. Nilipoliona kwa macho yangu nilibaki pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama naumwa.

Tofautisha marumaru nyeupe mpya na ile ya rangi ya asali. Nyeupe ni ya ukarabati unaoendelea tangu miaka ya 1970. Mafundi wa kale walifunga mawe kwa vyuma na kuvimiminia risasi ili visishike kutu. Warekebishaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 walitumia chuma bila ulinzi huo. Kikapata kutu, kikavimba, kikapasua marumaru. Siku hizi hutumia titani.

Na usiondoke bila kuuliza kwa nini katikati ya hekalu ni wazi. Hapakuporomoka kwa uzee. Tarehe 26 Septemba 1687 Waosmani, Waturuki waliotawala mji wakati huo, walikuwa wamehifadhi baruti ndani, jeshi la Venice likapiga mzinga, na jengo lililokuwa limesimama zaidi ya miaka 2,000 likalipuka.

Saa tano shuka, kula, pumzika, kisha ingia Makumbusho ya Acropolis wakati jua limechachamaa nje. Panda moja kwa moja hadi ghorofa ya juu. Chumba kile kimegeuzwa kuelekea sawasawa na Parthenon unayoiona dirishani, na ukanda wa michongo, uliokuwa na urefu wa mita 160, umezungushwa kama ulivyokaa hekaluni. Vipande vya asali ni vya asili. Vile vyeupe pe ni nakala za plasta, kwa sababu vya asili vingi viko London: Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, aliving'oa kuanzia 1801, na serikali ya Uingereza ikavinunua 1816 kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza. Ugiriki inavidai hadi leo. Msimamo wangu siufichi: virudi. Ukizunguka chumba kile utaona michongo ambayo kipande kimoja kiko Athens na kingine kiko London, na hoja za karatasi zinapoteza nguvu.

Shuka hadi ghorofa ya kwanza. Wapo mabinti watano wa marumaru waliobeba vichwani paa la baraza la Erechtheion. Wale sita uliowaona juu asubuhi ni nakala. Binti wa sita wa asili yuko London. Zunguka nyuma yao uone misuko ya nywele. Ni minene kwa sababu ya kiuhandisi, inaongeza nguvu ya shingo inayobeba uzito.

Tahadhari za siku hii:
- Usiokote hata kokoto. Sheria ya Ugiriki inalinda kila kipande cha kale, na kisingizio cha kutojua hakisaidii.
- Ukisikia filimbi, ni wewe. Walinzi hupuliza mtu akigusa, akiegemea au akivuka kamba.
- Usipige picha ukiigiza mkao wa sanamu kwa mzaha. Walinzi wa makumbusho watakuzuia mara moja, nao wako sahihi. Mwanga wa kamera uzime.

Hatua ya 5: Siku ya nne, Kerameikos

Makaburi ya kale, nje ya ukuta wa mji, katika mtaa wa wafinyanzi. Jina la kauri katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na wao. Huwa kimya, nyasi ni ndefu, na utakutana na kobe wakijitembeza kati ya makaburi.

Tafuta ukuta wa Themistokles. Waajemi walipouchoma mji 480 KK, Waathens walirudi wakaujenga ukuta kwa haraka kubwa, wakatia ndani hata mawe ya makaburi ya wazee wao. Kisha tafuta kaburi la Dexileos, kijana mpanda farasi aliyeuawa vitani 394 KK akiwa na umri wa miaka 20. Jiwe la nje ni nakala, la asili liko kwenye makumbusho madogo ya mlangoni. Wengi wa waliochongwa kwenye mawe haya wanaagana kwa kushikana mikono. Kaa nao. Hapa hauhitaji kuchora chochote.

Hatua ya 6: Siku ya tano, Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, vitu vitatu tu

Jengo ni kubwa mno. Ukijaribu yote utatoka na maumivu ya kichwa. Chagua hivi.

Barakoa ya dhahabu ya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, iliyofukuliwa na mchimbaji Mjerumani Heinrich Schliemann 1876. Aliamini ni ya mfalme Agamemnon, anayesimuliwa kuwaongoza Wagiriki katika vita vya Troy. Barakoa ni ya karne ya 16 KK, nyakati zilizotangulia sana zile ambazo kwa kawaida huwekwa vita hivyo.

Mashine ya Antikythera, vipande vya shaba vyenye meno, kutoka meli iliyozama karibu na kisiwa cha jina hilo, ambayo wazamia sponji waliiona 1900. Angalau magurudumu 30 yamebaki. Ilikokotoa mwendo wa jua na mwezi na kupatwa kwake.

Mtoto mpanda farasi wa Artemision, shaba ya karne ya 2 KK iliyotolewa baharini vipande vipande. Tazama uso wake, nywele zake, mwili mwembamba ulioinama. Baadhi ya wataalamu huona ni mtoto mwenye asili ya Afrika. Mimi humwamkia kila ninapofika.

Adabu za kila siku

Wagiriki wana heshima ya umri kama sisi. Mwenzako mwambie yassou. Mtu mzima, mlinzi, muuzaji usiyemjua mwambie yassas. Ni kama tofauti ya mambo na shikamoo, ukikosea hawakasiriki lakini ukipatia uso unafunguka. Mtu akiinua kichwa juu kidogo na kugonga ulimi, amekataa. Mchana kati ya saa tisa na saa kumi na moja na nusu majira ya joto ni saa za utulivu. Usipige muziki chumbani wala usimpigie simu mwenye nyumba. Chakula cha jioni huliwa saa tatu au saa nne usiku.

Na hili likae kichwani: usimwonyeshe mtu kiganja kilichokunjuliwa vidole vyote vitano, hata ukitaka kusema "tano" au "subiri". Kwao ni tusi zito la zamani. Onyesha tano ukigeuza kiganja kwako.

Ukikwama

*Nimefika Acropolis wamefunga kwa ajili ya joto.* Hutokea majira ya joto, kwa saa za mchana, na ilitokea mara kadhaa 2023. Nenda makumbusho yoyote yenye ubaridi, uliza mlangoni kuhusu tiketi yako, na siku inayofuata chukua zamu ya kwanza.

*Treni hazitembei.* Migomo ipo na hutangazwa mapema. Maeneo yote niliyotaja, isipokuwa Makumbusho ya Taifa, yako umbali wa kutembea kutoka Monastiraki, kituo cha treni cha katikati ya mji.

*Simu imeibwa au nusura.* Treni ya uwanja wa ndege na kituo cha Monastiraki ndiko wezi wa mfukoni hujazana. Mkoba uwe mbele ya tumbo. Namba ya dharura ni 112.

*Polisi amenisimamisha akitaka karatasi.* Imewahi kunitokea, na wenzangu wazungu tuliokuwa nao hawakuulizwa. Inauma. Toa pasi au nakala yake yenye ukurasa wa viza, jibu kwa utulivu, kisha mwambie msimamizi wako wa masomo siku hiyo hiyo ili ajue.

*Kichwa kinauma na mawe yote yanafanana.* Kwanza kunywa maji yenye chumvi kidogo na ukae kivulini. Kama umeshaona maeneo mawili siku hiyo, rudi chumbani. Haijalishi ratiba.

*Nimeona vyote lakini sijui niandike nini kwenye ripoti.* Rudi Agora siku moja jioni kabla hawajafunga. Nenda kwenye jiwe la mpaka kona ya kusini-magharibi. Kadiria urefu wake kwa shubiri zako bila kuligusa, nakili herufi moja moja kama zilivyo, hata zilizochakaa, chora ukuta wa nyumba ya fundi viatu ulio jirani na uandike jiwe gani limekaa juu ya jingine. Saa moja. Ripoti ianzie kwenye ukurasa huo wa daftari.